Duara Kwanza, Sarakasi Baadaye: Maisha ya Kupitisha Kofia Mji kwa Mji

Watu wengi wanaotaka kuishi kwa sarakasi za mtaani huanza kwa kuuliza wajifunze mchezo gani, na mimi nilianza hivyo hivyo. Nilitumia muda mrefu kujifua kurusha na kudaka virungu vitano, kisha kufanya hivyo nikiwa juu ya baiskeli ndefu ya gurudumu moja, nikiamini kwamba siku nitakayoyaweza hayo fedha zitakuja zenyewe. Nilipofunga mizigo na kuanza kuzunguka, niligundua kwamba mchezo ni sehemu ndogo ya kazi. Watu walipita, wakatazama kwa sekunde chache, wakatabasamu, wengine wakapiga picha, wakaenda zao, na jioni nilihesabu sarafu ambazo hazikutosha kulipia hata kitanda katika chumba cha pamoja. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijakata tiketi ya kwanza, na sehemu kubwa inahusu namna ya kumfanya mpita njia asimame, abaki, kisha alipe kwa kuweka fedha kwenye kofia.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu kazi hii. Tarehe 12 Januari 2007, mpiga fidla mashuhuri Joshua Bell alisimama asubuhi katika kituo cha treni cha L'Enfant Plaza, mjini Washington, akapiga kwa takriban dakika 43 fidla iliyoundwa na Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia, mwaka 1713. Lilikuwa jaribio la gazeti la The Washington Post. Zaidi ya watu 1,000 walipita, saba tu ndio waliosimama kumsikiliza kwa angalau dakika moja, na kasha lake likapata takriban dola 32, ukiacha noti ya dola 20 aliyopewa na mtu mmoja aliyemtambua. Wanaokisimulia kisa hiki hukitumia kuwalaumu watu kwamba hawathamini uzuri. Mimi, baada ya kuishi mtaani, nakisoma vingine kabisa. Watu wale walikuwa wanawahi kazini, ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi, na hakuna aliyewasemesha wala kuwaonyesha mahali pa kusimama. Kipaji kilikuwepo, kiwanja ndicho kilichokosekana.

Kwa hiyo siku hizi nikifika mji mgeni sifungui mizigo uwanjani siku ya kwanza. Nakaa mahali ninapopafikiria, saa ile ile ambayo ningependa kufanya onyesho, na kutazama miguu ya watu. Ninatafuta mahali ambapo mwendo unapungua wenyewe, kwa sababu kuna kitu cha kutazama, au njia inapanuka, au watu wanasubiriana. Natazama pia jua liko upande gani, maana watazamaji wakilazimika kukunja macho hawatadumu, na kama nyuma yangu kuna ukuta au jengo la kunikinga ili nisizungukwe pande zote. Ngazi pana zinazoutazama uwanja ni bahati kubwa, kwa kuwa walio nyuma wanaona bila kusukumana. Mlango wa duka ni wa kuepukwa hata kama mahali pote pengine ni pazuri, kwa sababu mwenye duka ambaye wateja wake wamezibiwa njia ndiye atakayempigia simu askari.

Inafaa pia kuamua mapema unafanya onyesho la namna gani. Mwanamuziki, mchoraji wa chaki au anayesimama kama sanamu hufanya kazi mbele ya watu wanaopita, na fedha zao huingia kidogo kidogo kwa saa nyingi. Mwanasarakasi, mwanamazingaombwe na mchekeshaji kwa kawaida hufanya onyesho la duara: wanakusanya umati, wanaushika kwa dakika 30 au 40, na fedha zote huingia katika dakika chache za mwisho. Namna ya kwanza inahitaji uvumilivu na mahali penye kivuli. Ya pili inahitaji sauti, ujasiri wa kusema na watu usiowajua, na moyo wa kukubali kwamba onyesho zima linaweza kwisha bila chochote. Kinachowapoteza wengi ni kufanya sarakasi ya duara kwa tabia za mwanamuziki wa kando ya njia, yaani kucheza tu na kungoja.

Duara halitokei kwa ghafla. Langu huanza na kamba ya rangi kali ambayo naitandika chini kwa umbo la nusu duara, polepole, nikiinyoosha kila penye mkunjo na kurudi nyuma kuitazama kana kwamba kuna jambo kubwa linaitegemea. Mtu mzima anayehangaika na kamba katikati ya uwanja huwafanya watu wapunguze mwendo, na aliyepunguza mwendo anaweza kusemeshwa. Namchagua mmoja aliyesimama mbali na mikono mfukoni, namsalimu kwa heshima, na kumwomba asogee mpaka ncha za viatu vyake ziguse kamba. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza, kwa hiyo namshukuru kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili na kuwaomba wengine wamsindikize. Aliyekwisha kugusa kamba huona vigumu kuondoka, kwa sababu ameshakubali ombi moja mbele za watu na kuondoka kwake kutaonekana. Kisha nawaita watoto waketi mbele. Mtoto akiketi, mzazi amefungwa, na nyuma ya mzazi hujipanga watu ambao hawajui kinachoendelea ila wameona wengine wamesimama.

Baada ya hapo nawafundisha makofi. Nawaambia kwamba tutafanya majaribio, wapige makofi kana kwamba nimefanya jambo la ajabu, nao hucheka na kupiga kweli. Kelele hizo haziko kwa ajili yangu. Ni za kuwavuta watu walio pembeni ya jengo ambao hawanioni. Wanaokuja mbio kutazama kilichotokea hujaza safu za nyuma, nami nawaomba wa mbele wasogeleane. Kwa uzoefu wangu, umati mdogo uliobanana hutoa zaidi kuliko umati mkubwa uliotawanyika, kwa sababu aliyesimama peke yake na nafasi pande zote anajihisi bado yuko safarini, wakati aliyebanwa bega kwa bega anajihisi yuko ndani ya onyesho. Yote haya yanaweza kuchukua dakika kumi bila kirungu hata kimoja kurushwa. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kupoteza muda wote huo bila kuonyesha ninachokiweza, nikawa naanza na mchezo mgumu kuliko yote ili watu wajue mimi si mbabaishaji. Matokeo yake waliokuwepo, ambao walikuwa watano au sita, waliona kilicho bora kabisa katika dakika ya kwanza, na hawakuwa na sababu ya kungoja ya pili.

Kumchagua mtu wa kuja katikati kunataka jicho. Simchukui anayejificha, wala yule anayenyoosha mkono kwa pupa, kwa kuwa huyo anataka onyesho liwe lake. Namtafuta anayecheka pamoja na wenzake, kwani wenzake watamshangilia. Mtoto siwezi kumgusa wala kumwita kabla ya kumtazama mzazi wake machoni na kupata ishara ya kukubali. Mzaha nauelekeza kwangu mimi, na mgeni wangu anaondoka akiwa shujaa. Nimewaona wasanii hodari sana wakimfanya mtu mnene au mwenye haya kuwa kichekesho; umati unacheka kweli, lakini kofia inarudi nyepesi, kwa sababu kila mmoja amejiuliza ingekuwaje kama angeitwa yeye. Mlevi naye hana dawa moja. Wakati mwingine nampa jukumu dogo la kulinda kamba akatulia kabisa, na wakati mwingine hakuna budi kusimamisha kila kitu mpaka aondoke, hasa kama onyesho lina mienge ya moto.

Sasa nije kwenye kofia. Katika uwanja wa Jemaa el-Fnaa mjini Marrakech, Morocco, ambao utamaduni wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2008 baada ya kutangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, wasimulizi wa hadithi wamefanya kazi katika duara kwa vizazi vingi, na wanajulikana kwa kukata hadithi pale panaponoga na kukusanya fedha kabla ya kuendelea. Ningelitafakari hilo mapema ningeokoa miezi ya njaa. Mimi nilikuwa namaliza mchezo wa mwisho, nainamisha kichwa, napokea makofi mengi ya kweli, halafu ndipo ninapokumbuka kutaja fedha. Makofi yakiisha umati haubaki hata kwa pumzi mbili. Unageuka mara moja, na unachokiona ni migongo. Hawakuwa watu wabaya. Onyesho lilikuwa limekwisha, na hakuna aliyewaambia kwamba lilikuwa na malipo.

Maneno ya kofia husemwa kabla ya mchezo wa mwisho, wakati kila kitu kiko tayari na hakuna anayetaka kuondoka bila kuona. Mimi huyasema nikiwa nimeshakaa juu ya baiskeli ndefu, nimejishikilia begani mwa mtu, mienge ikiwa bado haijawashwa. Mzaha nauweka kando kwa nusu dakika, na ukimya huo mdogo baada ya vicheko ndio unaowafanya wasikilize. Kwa kawaida nasema hivi: “Mabibi na mabwana, hii ndiyo kazi yangu. Hapa hapakuwa na tiketi, sina mfadhili, na hakuna anayenilipa mshahara. Kama mmefurahi, nikishuka nitakuwa nimeshika kofia. Toeni kile ambacho mngekilipa mngekuwa mmeketi ukumbini. Asiye na kitu leo aje tupeane mkono, asiondoke kwa aibu.” Kisha nawasha mienge, namaliza, nashuka, na nasimama upande ule ambao watu wengi wanaelekea, kofia ikiwa kifuani, nikimtazama kila anayekuja na kumshukuru. Simfuati mtu. Anayefuatwa hutoa sarafu ili aachwe, na wenzake wakiona hivyo hupita mbali.

Kulitamka hilo bila kutetemeka kulinichukua muda mrefu kuliko virungu vitano. Nilikuwa na hofu kwamba ninaombaomba, kwa hiyo niliyasema maneno ya kofia kwa haraka, nikicheka katikati, nikidai kwamba natania. Umati unaisikia hofu hiyo na kuifuata: kama mwenyewe huamini kwamba kazi yako ina thamani, wao wataaminije? Kilichonisaidia ni kuyaandika maneno, kuyakariri, na kuyasema bila kubadilisha hata neno moja kila onyesho, siku nzuri na siku mbaya, mpaka yakawa sehemu ya mchezo. Leo kama ningelazimika kumshauri mgeni atumie wiki moja kufanya mazoezi ya jambo moja tu, ningemwambia aiache mipira, afanye mazoezi ya hotuba ya kofia mbele ya watu wasio rafiki zake.

Kuhusu hesabu, usijipime kwa siku. Mvua, upepo, mechi kubwa kwenye televisheni au basi la watalii lililochelewa vinaweza kugeuza siku nzima. Mimi hupiga hesabu kwa mwezi, na kila mapato yanapoingia natenga kwanza nauli ya kuondoka mjini kabla ya kutumia chochote, kwa kuwa kukwama mahali pasipo na kiwanja kizuri ni umaskini unaojizalisha. Sarafu ni mzigo na benki nyingi hazifurahii kuzipokea, basi nazitumia kwa malipo madogo ya kila siku au nawapa wenye maduka wanaohitaji chenji. Siku hizi watu wengi hawabebi fedha taslimu kabisa, na kifaa cha kupokea malipo ya kadi au msimbo wa kupigwa picha na simu umekuwa wa lazima. London ilizindua mpango wa aina hiyo kwa wasanii wa mtaani mwaka 2018. Kifaa hicho nakining'iniza mahali panapoonekana, kimeshawekewa kiasi maalumu, kwa sababu anayepaswa kungoja niandike tarakimu huondoka.

Sheria ndizo zilizonigharimu zaidi, na hazifanani miji miwili. Kuna mahali unajitokeza tu, kuna mahali unanunua kibali kwa siku, na kuna mahali unafanyiwa majaribio kwanza, kama ilivyo kwa wanamuziki wa treni za chini ya ardhi za Paris na London. Mji mmoja uliniuzia kibali kwa njia ya mtandao, nami nikasafiri usiku kucha, nikafika na kuambiwa na askari kwamba kibali hicho hakihusu uwanja mkuu, ambao ndio pekee wenye watu. Fedha haikurudi. Tangu hapo, kabla ya kulipa naomba kwa maandishi orodha ya mitaa inayoruhusiwa, saa, masharti ya spika na ya moto, na kama bima ya madhara kwa watu wengine inahitajika, maana sehemu nyingi zinaidai. Jambo la viza ni zito zaidi. Katika nchi nyingi fedha za kofia huhesabiwa kuwa kipato, na viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata kama hakuna mwajiri. Wanaotembea bila viza katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa pamoja, wana siku 90 katika kila siku 180, lakini hizo ni siku za kukaa, si ruhusa ya kufanya kazi. Askari akikusimamisha, zungumza kwa upole, funga vitu, uliza wapi panaruhusiwa. Ubishi mbele ya umati unapendeza kwa dakika mbili, kisha vifaa vyako vinachukuliwa.

Kanuni nyingine hazijaandikwa popote, na zinashika kuliko za serikali. Katika viwanja vingi vinavyojulikana wasanii wenyewe hukutana asubuhi na kuamua kwa bahati nasibu nani aanze na nani afuate. Ukifika, tafuta wenyeji, jitambulishe, tazama maonyesho yao mpaka mwisho na uweke kitu kwenye kofia zao. Usianze kukusanya watu wakati mwenzako anasema maneno ya kofia, kwa sababu kelele zako zinamlia chakula chake. Na vichekesho ni mali ya mtu. Niliwahi kuona kijana akikataliwa nafasi msimu mzima kwa sababu alikuja na hotuba nzima ya mwenzake, neno kwa neno, na sikumwonea huruma. Wanaoheshimu haya hupata malazi, hupewa habari za miji ya mbele, na hupata mtu wa kuwalindia mizigo wanapokwenda msalani, jambo ambalo anayesafiri peke yake analijua uzito wake.

Upweke nao upo. Dakika 40 unapendwa na watu mia mbili, na saa moja baadaye unakula peke yako ukiwa huna wa kuzungumza naye, sauti imekauka. Sauti ndiyo inayokwenda kwanza, kabla ya magoti. Nilinunua maikrofoni ndogo ya kichwani baada ya kupoteza sauti kwa siku kadhaa mfululizo, na najuta kuichelewesha kwa sababu ya kiburi cha kutaka kusikika bila mashine. Kifundo cha mkono nilichokitegua kilinionyesha kwamba asiye na akiba ya angalau miezi miwili hana kazi, ana bahati tu. Jiwe la uwanjani halina huruma. Fanya mazoezi ya kupasha mwili joto kila mara, hata watu wakitazama.

Moto unavutia umati kuliko kitu kingine, na ndiyo sababu unahitaji tahadhari zaidi. Narusha mienge, lakini kupuliza moto kwa mdomo nimekataa. Mafuta yanayoingia kwenye mapafu, hata kidogo, husababisha aina ya nimonia ambayo madaktari huifahamu kwa jina la wanaokula moto, na nimemtembelea mwenzangu hospitalini akipumua kwa shida kwa sababu ya pumzi moja aliyoivuta vibaya upepo ulipobadilika. Vaa pamba, si nguo za nailoni zinazoyeyuka na kugandamana na ngozi. Weka blanketi lililoloweshwa karibu, na mtu anayejua kulitumia. Mafuta hayabebwi kwenye ndege kabisa, na mienge inayonukia mafuta inaweza kuzuiwa pia, kwa hiyo nasafiri na tambi mpya za mienge na kununua mafuta ninapofika.

Kila mgeni wa kazi hii husimuliwa kwamba Cirque du Soleil, kampuni maarufu ya sarakasi, ilianzishwa mwaka 1984 na wasanii wa mtaani wa Quebec, Canada. Ni kweli, ila haisaidii kulipa nauli ya mwezi ujao. Kinachosaidia ni kufuata majira. Agosti kuna Edinburgh Fringe huko Scotland, tamasha ambalo mizizi yake ni vikundi vinane vilivyojitokeza mwaka 1947 bila kualikwa na mtu. Baridi inapoingia kaskazini, wengi huhamia kusini, ambako tamasha la Adelaide Fringe la Australia hufanyika Februari na Machi. Baadhi ya matamasha hulipa nauli na malazi na kukuachia kofia, mengine hukupa nafasi tu, na ni juu yako kuuliza kabla ya kusaini. Maombi hupelekwa miezi mingi mbele. Tuma video ya onyesho moja zima bila kukatakata, iliyopigwa kutoka nyuma ya umati, kwa sababu wanaochagua wanataka kuona duara linavyoundwa na watu wangapi wamebaki wakati wa kofia, si virungu vingapi viko hewani.